Cheo cha Mbwa

Kwetu Kidete mbwa alikuwa kiumbe wa nje. Alikula nje, alilala nje, na siku yake ikifika alifia hukohuko, na hakuna aliyeona kuna neno hapo. Kwa hiyo nilipoolewa nikahamia Kilosa, kwenye kota za reli, sikuwa nimejiandaa kuishi na mbwa anayeogopa nje kuliko mimi.

Mume wangu alikuwa gadi wa treni ya tawi, ile iliyotoka Kilosa kwenda Mikumi na kuendelea hadi Kidatu. Siku moja alimkuta mtoto wa mbwa amejibana chini ya benchi la stesheni ya Mikumi, mama yake keshaliwa na simba. Hivyo ndivyo alivyonisimulia. Simba mwenyewe sikumwona, lakini mbwa nilimwona, na tabia yake yote ilikuwa ya aliyeponea chupuchupu. Jua likianza tu kuinamia milimani, alikuwa ndani kabla ya kuku. Wala hakulala mahali pasipo na kitu juu yake. Chini ya meza, chini ya kiti, nyuma ya sinia lililoegemezwa ukutani, popote alipopata paa la pili, maana lile la bati hakuliamini.

Nilimpenda. Nalisema mapema ili nisionekane nazunguka. Nilikuwa mwaka wa tatu wa ndoa, sina mtoto, na mume wangu katika wiki alilala nyumbani siku mbili, siku nyingine zote ni za reli. Kwenye kota mwanamke asiye na mtoto ana watu wengi wa kumsema na hana mtu wa kusema naye. Basi nikawa nasema na mbwa. Nilimweleza nani kaninunia bombani na nani kajidai hakunisikia nilipomwamkia, naye alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo gadi wa treni hakuliweza hata siku moja.

Ndipo akaja mama mkwe.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Nyumba yake kule Magole ilikuwa imeangukia upande usiotakiwa wa mchoro, na kijiji kipya alichopangiwa hukohuko kilikuwa bado vigingi na kamba. Lori lilikuja, vitu vikapakiwa haraka haraka, na katika kupakia na kupakua kitanda chake kikapotea. Hakikuwa kitanda cha kujivunia, miguu minne na kamba za katani, lakini ndicho alichozalia watoto sita, mume wangu akiwa wa nne. Mume wangu akaenda kumchukua akae kwetu mpaka nyumba yake isimame. Alishuka kwenye basi na kikapu, birika la kutawadhia na mkeka wa kuswalia. Nilipomwonyesha chumba chake, akakitazama kitanda kwa muda, kisha akasema, "Changu kilikuwa kifupi." Hakukitaja tena.

Kitanda nilichompa kilikuwa cha chuma, mali ya reli, kirefu kwa urefu na kirefu kwa kwenda juu. Nadhani kilitengenezwa kwa ajili ya maofisa wa zamani waliokuja na miguu yao mirefu. Mama mkwe alikuwa mfupi. Akikaa ukingoni, miguu yake ilining'inia. Mimi nikamtafutia kigoda cha kupandia, nikajiona mkwe mwema, nikaenda zangu jikoni.

Alfajiri ya tatu nilisikia mayowe mawili, moja la mtu na moja la mbwa. Nilikimbia na mwiko mkononi. Mama mkwe alikuwa ameshuka kitandani kwenda kuswali, akapapasa kigoda kwa mguu, akakanyaga kitu chenye joto kikampumulia. Mbwa alikuwa amegundua kile kitanda cha chuma siku ya kwanza kabisa. Mvungu wa namna ile hakuwahi kuuona, mpana na wenye kiza, na juu yake kuna mtu mzima wa kuliwa kwanza simba akija.

Basi tukaanza kazi ya maji. Mguu uliogusa mate ya mbwa ulioshwa mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka. Hilo sikulipinga. Lakini mama mkwe akaanza kukumbuka mahali pote mbwa alipopita tangu afike. Sakafu ikaoshwa. Kizingiti kikaoshwa. Kigoda kikaoshwa mpaka kikapasuka. Bomba letu lilikuwa moja kwa kota nane, na wenzangu pale bombani wakaanza kuniuliza kama nimefungua kiwanda cha nguo.

Nisimsingizie, hakumchukia mbwa. Hakumwita jina, alimwita "huyo", lakini ukoko wa ugali alimwekea. Alichochukia ni fujo. Siku ya nne alinikalisha kwenye mkeka akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha. "Mwanangu, mbwa asiye na mahali pake, kila mahali ni pake. Mpe mahali pake alale hapohapo, nijue naswali wapi. Kama hana, mume wako akirudi amchukue ampeleke Mikumi alikomtoa."

Nikasema sawa, mama. Nikatoka uani nikalia, mbwa akiwa amelala miguuni pangu chini ya kanga yangu. Mume wangu alikuwa na siku kumi za kuja na kwenda kabla ya kupata mapumziko, na nilimjua. Neno la mama yake kwake lilikuwa kama bendera nyekundu kwa treni.

Nikaanza kutafuta kitanda cha mbwa. Leo najua hili ni jambo ambalo watu fulani hulifanya bila aibu, lakini wakati ule Kilosa ilikuwa sawa na kumtafutia kuku viatu. Nilianza na kasha la sabuni. Nililipima kwa jicho, na jicho langu lilikuwa bado linamwona mtoto wa mbwa wa chini ya benchi. Aliingia kwa heshima yangu. Akaumuka pande zote kama unga wa maandazi uliosahauliwa, akanitazama, nikamtoa.

Nikaenda sokoni nikapata tenga, lile kubwa la kubebea nyanya. Nikaweka gunia na sufi ndani. Safari hii nilipitiliza. Mbwa alizunguka humo mpaka kizunguzungu, akatazama juu, akaona mbingu, akaruka akatoka. Kesho yake kuku aliingia akataga, na kutoka siku hiyo tenga likawa lake na mtu akilisogelea anadonolewa. Mbwa akarudi mvunguni kwa mama mkwe. Mama mkwe akarudi kwenye birika.

Balozi wetu wa nyumba kumi alipopita kukagua usafi aliniuliza tenga lile ni la nini. Nikamwambia ukweli, jambo ambalo sikupaswa kufanya. Alikuwa mtu mwema, mnene, mpenda hotuba. Akaniuliza kama najua kuna wananchi wanalala chini. Nikasema najua. Akauliza kama mbwa wangu ni kabaila. Nikamjibu kwamba kabaila halali mvunguni. Akaliandika hilo kwenye daftari lake, sijui kwa faida ya nani.

Zikabaki siku tatu. Nikaamua kwenda kwa fundi.

Fundi seremala wetu alikuwa mzee kutoka pwani, aliyekuja Kilosa zamani kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge akabakia na randa yake karibu na soko. Ni mcha Mungu, mkimya, mwenye uso wa huzuni aliozaliwa nao. Tepu yake ilikuwa imefutika namba, kwa hiyo alipima kwa ufito. Tena yeye ndiye aliyeitwa msikitini mtu akifa, kupima maiti ili wachimbaji wajue urefu wa kaburi. Hilo la pili nililijua kwa mbali. Kwetu sisi tulikuwa Wakristo wa kando ya reli hadi nilipoolewa, na mambo ya mazishi ya upande huu sikuwa nimeyaona kwa karibu.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikaeleza haja yangu nikitazama chini. Hakucheka. Alifikiri, akauliza kama mbwa analala kwa kujinyoosha au kwa kujikunja. Nikasema kwa kila namna. Akauliza kama anauma. Nikasema anaogopa. Akasema yeye hawezi kumgusa ila anaweza kumkaribia akiwa amelala, halafu akamaliza hivi: "Basi nitakuja baada ya alasiri kuchukua cheo."

Cheo nilichokijua mimi ni cha mwenyekiti, cha katibu, cha stesheni masta. Nikadhani labda ni namna yao mafundi ya kusema wanakuja kazini. Ningeuliza, yote yasingetokea. Lakini mimi sipendi kuonekana sijui, na ugonjwa huo haujanitoka hata leo.

Alasiri ile mama mkwe alikuwa amelala na homa, siku yake ya pili. Haikuwa homa ya kutisha, lakini bombani nilikuwa nimeulizwa hali yake nikasema hajambo kidogo, na "hajambo kidogo" kwetu maana yake ni chochote. Mbwa alikuwa amelala mlangoni kwake, amejinyoosha ubavuni na miguu yote minne mbele, nusu ya kichwa ndani ya pazia. Fundi alifika. Kwa heshima ya mgonjwa akavua viatu. Kwa kuogopa kumwamsha mbwa akatembea kwa vidole. Akainama, akaulaza ufito sakafuni kuanzia pua hadi kupita kidogo ncha ya mkia, akaukata kwa kisu polepole, akauinua, akanipungia mkono kwamba amemaliza, akatoka kimya na uso wake uleule. Nikafurahi. Nikaingia jikoni kukaanga vitumbua.

Njia yake ilipita bombani. Kina mama walikuwepo, ndoo zimepangwa. Wakamwona mzee anatoka kwetu, kwenye nyumba ya mgonjwa, na ufito mbichi uliokatwa mkononi. Wengi hawakuelewa. Lakini alikuwepo bibi wa nyumba ya mwisho, mjane ambaye marehemu mumewe alitoka pwani, akamuuliza kwa sauti ya chini anatoka wapi. Fundi, mtu asiyejua kusema uongo wala kurefusha ukweli, akajibu: "Natoka kwa gadi, kuchukua cheo." Akaenda zake.

Bibi akatua ndoo yake chini. Huko pwani, kama nilivyokuja kujua kabla jua halijazama, cheo ni kile kipimo chenyewe. Na mtu akitoka na cheo kwenye nyumba yenye mgonjwa, hakuna la kuuliza zaidi. Wakajifunika kanga vichwani.

Sasa, balozi naye alikuwa anapita upande wa pili wa bomba. Yeye ni mtu wa bara kama mimi. Alichosikia ni "gadi" na "cheo". Mume wangu alikuwa amengoja kupandishwa kwa miaka. Balozi akashukuru Mungu kwamba nyumba kumi zake zimetoa mkubwa, akaenda nyumbani kukamata jogoo.

Nilikuwa kwenye kitumbua cha nane niliposikia kilio. Nikatoka na upawa. Wanawake kama kumi na watano walikuwa wanaingia uani kwa upande wa bomba, wanalia, mmoja amebeba kuni na mwingine sufuria la shughuli. Kwa upande wa barabara akaingia balozi na wanaume wanne, wanacheka, jogoo kwapani. Bibi wa nyumba ya mwisho akanikumbatia akasema, pole mwanangu. Balozi akanishika mkono mwingine akasema hongera, mke wa mkubwa, ila tukumbuke kwamba cheo ni dhamana.

Mimi nilisikia hongera tu. Mwanamke wa ndoa ya miaka mitatu bila mtoto akipewa hongera na umati, na wengine wanalia, anajua jambo moja tu. Nilidhani kuna mtu ametangaza kwamba nina mimba, na nusu ya mtaa imekuja kushangilia na nusu imekuja kuniombea. Hasira ilinipanda. Nikamwambia balozi kwamba sina kitu tumboni isipokuwa vitumbua, na aliyewatuma aje aniambie mwenyewe. Kina mama nao wakamgeukia yeye, wakamuuliza ni mtu wa namna gani anayekuja msibani na jogoo na meno nje. Jogoo akaponyoka. Mbwa, ambaye hakuwahi kubweka mbele ya zaidi ya watu wawili, akakimbilia ndani.

Katika fujo hiyo pazia likafunguka. Mama mkwe akatokea, amejifunga blanketi, kilemba upande, macho mekundu ya homa.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mafuta ya vitumbua yakasikika hadi uani. Bibi wa nyumba ya mwisho, ambaye hakuwa mtu wa kuficha, akajibu, "Wewe."

Mama mkwe alimtazama. Akatazama kuni, akatazama sufuria, akawatazama wale wanawake mmoja mmoja na machozi yao. Kwa majuma aliyokaa kwetu alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba watu wa Kilosa hawana habari na mtu, kwamba angekufa hapa asingepata wa kumfunga kidevu. Akavuta mkeka, akaketi barazani taratibu. "Basi kaeni," akasema. "Msiba ukishafika na sufuria haurudishwi."

Wakakaa. Jogoo alikamatwa mara ya pili na safari hii hakupona. Mama mkwe akataka kila mmoja aseme jina lake na ukoo wake, na alikuwa akilia nini hasa. Mmoja akakiri kwamba hakumjua, alilia kwa kumkumbuka mama yake mwenyewe. Mama mkwe akasema hicho ndicho kilio cha kweli, akamwongezea nyama. Homa ilimtoka pale barazani kwa jasho na pilipili. Sikumwona amefurahi namna ile kabla ya siku hiyo.

Tatizo ni kwamba mtu mmoja mwenye huruma alikuwa amekwisha kukimbilia stesheni, na stesheni wakapiga simu Mikumi. Mume wangu akadandia treni ya mizigo. Alifika jua likizama, macho yamevimba, na jora la bafta nyeupe kwapani, amelinunua Mikumi kwa ajili ya sanda. Akamkuta mama yake anafyonza paja la jogoo.

Alikaa chini palepale mlangoni. Alilia kwanza, kisha akacheka, kisha akataka kujua ni nani aliyeyaanzisha. Nikamweleza yote, nikianzia kasha la sabuni. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyofunga. Hakunipigia kelele. Alisema tu kwamba yeye kesho anaondoka na treni ya saa nne, na mbwa anaondoka naye. Nilimtazama mama mkwe aniokoe. Alikuwa anaosha mikono.

Asubuhi nilimfunga mbwa kamba mwenyewe. Sikutaka afungwe na mtu mwingine. Nilikuwa nalia bila kujificha, na mume wangu alikuwa anasafisha taa yake ya kazi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Ilikuwa saa mbili tu, fundi akatokea njiani na kitanda kichwani.

Habari za jana alikuwa amezipata msikitini usiku uleule, na kwa aibu alikuwa amekesha akamaliza kazi ili asidaiwe na ahadi yake pia. Akakitua uani. Kilikuwa kitanda kizuri, miguu ya mninga imechongwa, kamba mpya za katani zimesukwa kwa kukazwa. Kilikuwa cha chini, usawa wa goti. Lakini kilikuwa kirefu. Mume wangu akakizunguka akauliza mbwa gani huyo. Fundi akaeleza kwamba alipima pua hadi mkia, mbwa akiwa amejinyoosha, kisha kwa mazoea ya kazi yake ile nyingine akaongeza shubiri moja kwenye ufito. "Ili asibanwe," akasema. Ufito alikuwa ameufunga ubavuni mwa kitanda. Hakutaka kurudi nao, alisema cheo hakilali kwa fundi.

Nikamfungua mbwa aone kitanda chake mara moja kabla ya safari. Akakinusa mguu mmoja baada ya mwingine. Akainama, akaingia mvunguni, akajikunja.

Mume wangu akafumba macho. Hapo mama mkwe akatoka ndani na birika lake, akakiona kitanda, akakikaribia, akakibonyeza kwa kiganja. Akageuka, akakaa.

Miguu yake ilifika chini. Nyayo zote mbili, zikakaa kwenye udongo. Akavitazama vidole vyake kana kwamba amevikosa kwa muda, kisha akajilaza, kichwa huku na visigino kule, na kitanda kikamtosha, ikabaki ile shubiri ya fundi. Nami nikasimama pale na kamba tupu mkononi, nikaona nilichofanya. Karibu majuma mawili mama wa mume wangu alikuwa anapanda kitandani kwa kigoda kama anapanda basi. Tangu siku ya kwanza aliniambia chake kilikuwa kifupi. Nilimpima mbwa mara tatu, yeye sikumpima hata kwa jicho. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tena.

"Hiki kitanda cha nani?" akauliza, bado amelala, anatazama juu.

Nikasema, "Chako, mama."

"Mlinipima lini?"

Yule fundi, ambaye mtaa mzima ulijua hasemi uongo, akatazama mvunguni, akatazama mlima, akajibu, "Jana, mama, ulipokuwa umelala." Kisha akaomba ruhusa akaondoka haraka, nadhani kwenda kutubu.

Mama mkwe alijipinda, akachungulia chini ya kitanda. Mbwa akamtazama. "Kumbe mimi na huyo cheo chetu kimoja," akasema. "Serikali ilisema watu wote ni sawa, haya mengine haikuyatangaza." Akajilaza tena. "Mwache. Sasa ana mahali pake. Yeye chini, mimi juu, na mkeka wangu upande ule."

Mume wangu akaenda na treni ya saa nne peke yake.

Ingefaa niseme kwamba nilishinda. Nyumba ya mama mkwe ilipokamilika kule kijijini, lori lilikuja kuchukua vitu vyake. Safari hii alisimama nyuma ya gari mwenyewe mpaka kitanda kikafungwa kamba mbili. Mbwa aliruka juu ya lori akaingia mvunguni mwa kitanda kilichopakiwa, hakutoka. Nilimwita, nikamlilia, nikamwonyesha nyama. Aliniangalia kwa upendo wote lakini palikuwa ndipo mahali pake, tulikuwa tumemfundisha wenyewe. Mama mkwe akasema nikitaka kumwona nije, njia naijua. Nilienda mara nyingi, kwanza peke yangu, baadaye na mtoto mgongoni. Ile bafta ya Mikumi ndiyo iliyokuwa nepi zake.

Ufito ulibaki kwangu. Nilizuilia dirisha, nilifukuzia kuku, watoto watatu waliuruka mchangani. Miaka ikapita. Siku mume wangu aliporudi kutoka kazini mapema akiwa ameshika kofia mkononi, nilijua kabla hajasema. Nilipotoka nyumbani niliuchukua ule ufito, sijui kwa nini. Kule Dumila tuliposhuka kungoja gari, kondakta aliniuliza mama anachunga ng'ombe wa nani.

Tulifika Magole kabla ya adhuhuri. Mama mkwe alikuwa amelazwa kwenye kitanda chake, shuka imemfunika mwili wote. Niliinama nikachungulia mvunguni. Mbwa alikuwa amekufa zamani, lakini kwenye sakafu ya udongo palikuwa na kishimo cha mviringo, laini, ukubwa wa ungo. Kwa mahangaiko yangu yote, kumbe saizi yake ilikuwa ile tu.

Nje wachimbaji walikuwa wanangoja na cheo chao kipya, wamekata asubuhi. Nikauweka ufito wangu sambamba na wao. Wangu ulizidi kwa shubiri ya fundi na shubiri nyingine tena, ile iliyoliwa na uzee. Nikawaambia wachimbe kwa huu.

Mkubwa wao akaupokea, akaugeuzageuza, akaona ulivyokauka na kung'aa kwa mikono.

"Huu ni wa nani, mama?"

"Ni wake," nikasema. "Alipimwa zamani. Chimbeni, asibanwe."